Mguu wa Kushukia Mbokomu

Gladness, na ninyi wengine mliobaki karakanani, siku ya kuniaga mlinipa kitenge, keki na kiti cha kuegemea. Kitenge nimeshashona. Keki mliila wenyewe. Kiti nimekikalia kidogo nikaona mgongo wangu, uliozoea kuinama juu ya meza ya plasta, haupatani nacho. Nimehamia meza ya jikoni, na hapa ninaandika lile mlilokuwa mkiniuliza kila tukinywa chai: ule mguu wetu bandia, mpana, wenye soli ya mpira ulitoka wapi? Wanafunzi huja wakidhani uliletwa kwenye maboksi kama vifaa vingine. Haukuja kwenye boksi. Uliombwa, ukabishaniwa, ukapasuka, ukatengenezwa upya, na wengi wa walioutengeneza hawakuwahi kushika tupa maishani mwao.

Nilifika karakanani, pale hospitalini, nikiwa msichana mwembamba kutoka Sanya Juu, nimevaa sketi ya kanisani kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri. Mlinzi wa getini alinielekeza kliniki ya wajawazito. Nilipomwambia nimekuja kujifunza kutengeneza miguu bandia, alinitazama kwa huruma, akanielekeza vizuri.

Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Urassa, mtu mrefu, mkimya, koti lake jeupe limepigwa pasi hata mifukoni. Hakunipa kifaa chochote siku hiyo. Alinikunja goti, akalifunga kwa mkanda, akanivalisha mguu wa majaribio, akaniambia niende hadi kwenye bomba la uani nirudi. Sakafuni nilikwenda vizuri. Nilipofika kwenye changarawe nilianguka, sketi ya kanisani ikachanika.

"Shikamoo," nikasema nikiwa chini, maana nilikuwa sijamsalimia.

"Marahaba. Kwenye sakafu hukuanguka," akasema. "Mguu ni mzuri. Inuka."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kushika kigutu, yaani kile kinachobaki baada ya mguu kukatwa, kwa mikono miwili na bila haraka, kama unavyopokea mtoto wa mtu. Alinifundisha kuzungusha bendeji za plasta zikiwa bado na joto, na kutambua kwa kidole gumba mahali ambapo mfupa hautaki kuguswa. Alinifundisha kuchonga kikombe, ile sehemu inayopokea kigutu, kwa tupa pana kwanza, kisha kwa msasa, kisha kwa kiganja kitupu, kwa sababu kiganja huona kisichoonwa na macho. Lakini chombo alichokiamini kuliko vyote kilikuwa timazi, ile kamba yenye kichuma chini ambayo waashi hupimia ukuta. Alimsimamisha mgonjwa sakafuni, akaishusha timazi kando ya nyonga, na kamba isipopita pale inapotakiwa, mguu ulirudi mezani. Hakuna aliyetoka karakana ile akiwa amepinda. Nilijivunia jambo hilo hata kabla sijawa na mchango wowote ndani yake.

Nyayo zenyewe hatukuzitengeneza. Zilitoka nje ya nchi, za mpira mgumu wenye mti ndani, rangi ya chapati mbichi. Zilikuwa zimeinuliwa kisigino, kwa kuwa aliyezibuni alijua kwamba mtu anaamka asubuhi, anavaa viatu, na havivui mpaka alale. Kwa nchi yake alikuwa sahihi.

Sasa niwaeleze kuhusu Mama Elibariki.

Alikuwa mjane wa Mbokomu, mlimani juu ya mji wa Moshi, mkulima wa kahawa na ndizi, mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa aliyempenda waziwazi. Kisukari kilimchukua mguu wa kulia chini ya goti. Tulimtengenezea mwingine, Mzee Urassa na mimi, akaondoka akitushukuru. Mvua za vuli zilipoanza alirudi, anatembelea magongo, mguu wetu ameubeba kwenye kikapu, umefunikwa kwa kanga.

"Umevunjika, mama?" nikamwuliza.

"Haujavunjika, mwanangu. Ni mzima kabisa. Mimi ndiye nitakayevunjika."

Mzee Urassa akamwomba auvae, atembee. Akatembea sakafuni kutoka dirishani hadi mlangoni. Timazi ikashushwa, kamba ikapita palepale.

"Mama, unatembea vizuri kuliko mimi," Mzee Urassa akasema.

"Ndiyo, baba. Humu ndani natembea vizuri. Lakini siishi humu ndani."

Akatueleza. Majani ya ng'ombe aliyakata juu, karibu na msitu, akayashusha nyumbani kichwani. Njia ilikuwa udongo mtupu, na wakati wa mvua iliteleza kama sabuni. Kila aliposhuka, kisigino kikigusa chini tu, goti lilisukumwa mbele kana kwamba kuna mtu amempiga teke kwa nyuma. Alikuwa ameshaanguka mpaka majirani wamezoea kumwokota. Na mwanawe Elibariki, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuwa amempigia simu na kusema neno lake la mwisho: akija Krismasi akakuta mama bado anaanguka, ng'ombe atauzwa, nyumba itafungwa, na mama atakwenda kukaa nao mjini.

"Ni mtoto mzuri," akasema. "Ananipenda. Ndiyo maana naogopa, kwa sababu atafanya kweli. Dar nitafanya nini? Watanikalisha kwenye kochi niangalie televisheni. Baba yake nimemzika pale kihambani, kwenye migomba yetu, na mimi nataka nimalizie pale."

Mzee Urassa akavua miwani. "Pengine kazi ya majani ungemwachia mtu mwingine, mama."

"Nimekuja kutafuta mguu, baba. Ushauri ninao wa kutosha nyumbani."

Nilidhani Mzee Urassa atakasirika. Hakukasirika. Wiki iliyofuata tulipanda na gari la karakana mpaka barabara ilipoishia, tukaendelea kwa miguu, Mama Elibariki na magongo yake mbele, sisi nyuma. Mzee Urassa alikuwa amevaa viatu vyake vya ngozi, vyeusi, vinavyong'aa. Tulipofika penye mfongo, ule mfereji wa maji unaokata njia katikati ya migomba, alinyoosha mguu kuuvuka, akateleza, akakaa kitako ndani ya maji na koti lake jeupe.

Mama Elibariki alishika mgomba ili naye asianguke kwa kicheko. "Mae! Pole, baba. Na wewe unayo miwili!"

Hata hivyo kazi ilifanyika. Alivaa mguu, akasimama njiani akitazama bonde, na Mzee Urassa, maji yakimtiririka, akaishusha timazi kando ya nyonga yake. Kamba ilining'inia sawasawa kama siku zote. Mguu ulikuwa sawa na kamba. Ardhi ndiyo iliyokuwa haiko sawa na chochote. Unyayo ule mgumu, uliozoea kukuta sakafu chini yake, ulikuwa umening'inia hewani kwa mbele, na uzito wote uko kwenye ukingo wa kisigino.

Njiani kurudi Mzee Urassa alifuta matope kwenye timazi mpaka tukaingia mjini. Kisha akasema, bila kunitazama, "Anansia, miaka yote hii tumekuwa tukipima sakafu."

Hapo ndipo kazi niipendayo kuliko zote ilipoanza. Tulihitaji unyayo mpana mbele, laini nyuma, usio na kisigino kilichoinuliwa, na wenye kung'ata udongo. Kwa soli hatukwenda mbali. Nusu ya mlima ilikuwa ikivaa katambuga, vile viatu vya matairi, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba vinateleza. Tatizo lilikuwa kuunganisha mpira laini na mpira wa tairi viwe kitu kimoja, maana gundi yetu ilishindwa na maji. Nikaenda mtaa wa Pasua kwa Bwana Athumani, fundi wa matairi, aliyekuwa na chuma cha kuchomea viraka kwa moto. Nikamwekea unyayo mezani.

Akaugeuza, akanitazama. "Dada, nimeziba pancha za trekta, nimeziba za mkokoteni. Ya mguu sijawahi."

Lakini alikubali, na akapenda ile kazi kiasi kwamba wateja wake walianza kulalamika. Tulikosea mara nyingi pale kwake. Mara mpira ulitoka umeungua, mara umetoka laini kama uji. Mzee Urassa alikuja kila jioni, akabonyeza kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akaondoka. Siku moja alibonyeza, akabonyeza tena, na hakutikisa kichwa.

Mama Elibariki aliuvaa, akapanda nao Mbokomu. Mvua zilikuwa zimepamba moto. Baada ya muda akarudi, unyayo umefungwa kwa kamba za mgomba, umepasuka katikati.

"Ulinishusha vizuri," akasema, kama anayemsifu punda. "Ulinishusha vizuri mpaka ulipochoka."

Ulikuwa bado mezani, umepasuka hivyohivyo, alipoingia Mzee Omari, mshonaji wa mtaa wa Majengo, aliyekuja kurekebishiwa mkanda wa mguu wake bandia. Aliushika, akauweka sakafuni kando ya unyayo wake mzima, akainama kutazama.

"Huu hauna kisigino," akasema.

"Hauna, mzee. Tunautengeneza kwa ajili ya watu wa mlimani."

"Watu wa mlimani?" Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande kidogo cha mti kilicholainika kwa kushikwa. "Unajua hiki ni nini? Msikitini navua viatu. Nikivua, mguu wenu huu wa kisigino unanitupa nyuma kama mlevi. Basi nasali na kipande hiki chini ya kisigino, na kila nikiinuka kinakimbia, jirani yangu ananirudishia. Na maji ya udhu yanaingia ndani ya mti, unyayo unaoza. Mimi nilidhani ndivyo miguu bandia ilivyo."

Alikuwa mgonjwa wetu wa siku nyingi. Tulikuwa tumemwuliza kuhusu maumivu, kuhusu vidonda, kuhusu cherehani yake. Kuhusu msikiti hatukuwahi kumwuliza, na yeye kwa adabu zake hakuwahi kusema. Siku ile alisema yote. Alitaka nyuma ya kikombe pakatwe chini zaidi ili aweze kukaa kwenye sala. Alitaka unyayo usiokunywa maji. Na alitaka kidole gumba kiachane na vingine.

"Kwa nini kidole, mzee?"

"Kandambili, binti yangu. Nimechoka kwenda bafuni na kiatu."

Tukakichonga kidole. Sasa mnajua kwa nini kipo. Wanafunzi hudhani ni urembo.

Kupasuka, hata hivyo, hatukukuweza wenyewe. Wakati huo alitutembelea Mhandisi Kessy, kijana wa shirika lililokuwa likitupatia vifaa. Alipoona tunachofanya hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Ukivunjika mama yuko mtelemkoni, na mzigo kichwani, nani atakuwa amemwangusha?" Akaomba achukue unyayo mmoja akaupime kwenye mashine ya kukunja, inayokunja kitu bila kupumzika mpaka kisalimu amri. Mzee Urassa alimpa shingo upande.

Kessy alirudi mwenyewe na unyayo wetu kwenye mfuko. Ulikuwa umekatika kwenye nati inayoufunga mguuni.

"Mashine yako imewahi kukata majani?" Mzee Urassa akamwuliza.

"Hapana, mzee. Lakini imevunja unyayo na hakuna aliyeumia."

Niliangalia msasa. Kisha Mzee Urassa akamvutia kiti. "Kweli. Kaa. Tuonyeshe umekatika vipi."

Wakakaa, wakachora kwenye meza ya plasta kwa kidole, wakafuta, wakachora tena. Mti wa ndani ukafupishwa, ncha yake ikafanywa duara, kipande cha mkanda wa mashine kikazungushwa pale penye nati. Bwana Athumani akauchoma upya. Kessy akaukunja kwenye mashine yake, na safari hii mashine ndiyo iliyozimwa kwanza.

Krismasi ile Mama Elibariki alitualika. Mnajua mlima unavyokuwa wakati huo: magari ya Dar kila uchochoro, kila nyumba imepakwa rangi, watu wanakumbatiana barabarani. Tulimkuta Elibariki amekaa barazani, mtu mpole, mnene kidogo, na uso wa mtu aliyeshaamua. Tulikunywa mtori, supu yetu ya ndizi. Mama yake alikunywa haraka kuliko wote, akachukua mundu, akasema ng'ombe hajui kama ni sikukuu.

"Mama, leo pumzika," Elibariki akasema.

"Nitapumzika nikishuka."

Akapanda, akiwa na fimbo moja tu. Sisi tukasimama kwenye kona ya kihamba, penye masale, mimea inayopandwa mpakani, tukingoja. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, njia inang'aa. Mzee Urassa alikuwa amevaa mabuti ya mpira, jambo ambalo sikulitaja. Elibariki alikuwa akitembea huku na huku.

Akatokea juu, mzigo wa majani umemfunika mpaka mabegani, chini yake inaonekana kanga tu na miguu miwili. Alishuka polepole. Kila aliposhusha unyayo niliuona ukigusa, ukilalia ardhi, ukienea, halafu goti likifuata kwa wakati wake bila kusukumwa. Penye mfongo alisimama. Elibariki akakimbia kumwendea.

"Mama, ngoja nikupokee!"

"Kaa hapohapo. Utanipokea nikifika nyumbani."

Akavuka. Aliweka ule wa mpira kwanza, upande wa chini, akauamini, akavuka. Alipita mbele yetu bila kutuangalia, akautupa mzigo zizini, na ng'ombe akaanza kula kana kwamba hakuna kilichotokea. Elibariki alibaki pale kwenye mfongo, viatu vyake vya mjini vimezama, machozi yanamtoka bila aibu.

"Basi, mama," akasema alipofika. "Ng'ombe hauzwi."

"Ng'ombe?" akasema mama yake. "Mimi nilikuwa nikipigania nafsi yangu." Kisha akatugeukia sisi. "Aika. Asanteni sana."

Mzee Urassa alisafisha miwani yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Goti linaingia ndani kidogo," akaniambia. "Jumatatu aje." Hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kumsikia akiitoa.

Jumatatu akaja kweli, lakini na shauri lingine. Mguu ulikuwa mzuri sana, akasema, ila hauingii kwenye kiatu chake cha kanisani, chenye kisigino, na yeye hataimba kwaya amevaa katambuga. Tukacheka mpaka tukakaa. Basi tukamrudishia na ule wa zamani, tukatengeneza kiungo cha kubadilishia nyumbani: wa shambani siku za kazi, wa kanisani Jumapili. Kutoka kwake wakaja wengine, wa Uru, wa Kibosho, wa Marangu, kila mmoja na njia yake na ibada yake na kiatu chake. Mzee Urassa alistaafu akiwa ameshaona unyayo wetu ukifundishwa darasani. Alifariki akiwa hajawahi kusema kwamba ulikuwa wake, na mimi sisemi ulikuwa wangu. Ila nilikuwepo, na mikono yangu imo ndani yake, na hilo silifichi.

Sehemu ambayo ni yangu kabisa ni rangi. Wagonjwa walichoka na chapati mbichi. Walitaka mguu ambao mtu kanisani au sokoni asiutambue, na mimi nikajifunza kuchanganya rangi kwa kila ngozi, mpaka siku moja muuguzi alimfunga bendeji mgonjwa kwenye mguu wa bandia. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilidhani hiyo ndiyo kazi iliyokamilika: mguu usioonekana.

Halafu akaja Frank, dereva wa bodaboda wa Pasua, aliyegongwa na lori akapoteza mguu wa kushoto. Gladness, wewe ndiye uliyempima. Mimi nilikuwa nimebakiza siku chache kabla ya kustaafu, nikajipa kazi ya rangi. Nilimsogezea kikopo karibu na mkono wake.

"Usihangaike, mama," akasema. "Hiyo rangi sihitaji. Acha chuma kionekane. Nipige nyekundu, kama tangi la pikipiki yangu."

"Watu wataona, mwanangu."

"Waone tu, mama. Mimi si nipo? Nikificha watasema bado naumwa. Wakiona chuma wanajua jamaa amerudi kazini."

Nilisimama na kikopo changu. Sitawadanganya, ilinichoma kidogo. Lakini nilikuwa nimefundishwa kazi hii na watu waliorudisha vitu vyetu vikiwa vizima kabisa, nikafunga kifuniko. Wewe Gladness ulikuwa umeshatoka naye uani, umemkalisha juu ya pikipiki, unatazama unyayo unavyoikuta gia. Mlibishana kuhusu ugumu wa mbele. Yeye alitaka ukandamize gia ya vidoleni bila kukunjika, na kisigino kiweze kupiga ile ya nyuma. Ulifungua, ukazungusha kidogo, ukafunga, ukamwambia ajaribu tena. Mimi nilishika bisibisi tu. Hakuna aliyeniuliza kitu, na sikuwahi kufurahi hivyo kwa kutoulizwa.

Jioni ya siku ya mwisho, keki ikiwa imekwisha, Frank alikuwa getini na kofia mbili za pikipiki. Alisema ananipeleka nyumbani. Katika maisha yangu yote mjini Moshi sikuwahi kupanda bodaboda, kwa sababu nilijua vizuri sana wanapoishia abiria wake. Nikapanda. Nilikaa upande, sketi nimeikunja, nimemshika koti kwa mikono yote miwili.

"Polepole, Frank."

"Usijali, mama. Sikiliza."

Nikasikiliza. Chini yangu, mguu mwekundu ukabonyeza. Gia ikaingia.